Je, Wajua? Bongo na Ubongo Wake

Safari hii safu yetu imeshukia Dodoma, na mada ni hicho kilichomo kichwani mwako kinachosoma mstari huu.

Je, wajua kwamba jina la utani la nchi hii limetoka kichwani? Bongo ni wingi wa ubongo. Lilianza na jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo asiyechangamsha akili analala njaa, kisha likapanda reli hadi bara. Leo Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis akisema "narudi Bongo" haulizwi ni wapi.

Wajua uzito wake? Kilo 1.4 hivi. Ni kama asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini ubongo unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, hata ukiwa umelala fofofo.

Na seli zake, wajua zilihesabiwaje? Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una seli za neva bilioni 100, namba iliyokaririwa kizazi hadi kizazi. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, akaona bora ahesabu mwenyewe. Alichukua bongo za marehemu zilizotolewa kwa ajili ya utafiti, akaziyeyusha mpaka zikawa supu, akaitikisa supu ichanganyike sawasawa, akahesabu viini vya seli katika matone machache, kisha akapiga hesabu ya chungu kizima. Jibu lilitoka mwaka 2009: bilioni 86. Yeyote aliyewahi kupakuliwa supu ya kichwa cha mbuzi na mwuzaji asiyekoroga ataelewa kwa nini kutikisa kulikuwa nusu ya kazi.

Je, wajua kwamba watu wa ubongo wana msimu wao wa kukusanyika? Chama chao kikubwa kabisa kilianzishwa Marekani mwaka 1969, na mkutano wake wa kwanza wa mwaka ulifanyika Washington mwaka 1971 ukiwa na watu wasiofika 1,500. Siku hizi wanaweza kupita 20,000, mji mdogo mzima unaohamia ukumbini kwa siku chache. Mwaka 2005 walimwalika Dalai Lama aje azungumzie kutafakari. Baadhi ya wanachama wakakusanya saini kumpinga, wakidai dini imeingizwa maabara kwa mlango wa nyuma. Mzee akaja, akaongea.

Lakini kazi yenyewe haifanyiki jukwaani. Inafanyika kwenye mabango. Mtafiti anabandika karatasi yake, pana kama kanga, yenye michoro na namba za mwaka mzima, halafu anasimama pembeni yake kama mnadi mitumba anayesubiri mteja. Anapita profesa mwenye jina kubwa, anakuna kidevu, anauliza swali moja, na mwanafunzi aliyekuwa na furaha asubuhi anagundua kwamba ana miezi sita mingine ya kazi.

Afrika nayo ina jumuiya yake, iliyozaliwa Nairobi mwaka 1993. Hukutana kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Entebbe. Huko huko Uganda, mjini Ishaka, mwaka 2011 ilianza shule fupi ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika sayansi ya neva kwa kutumia inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Inzi huyo hahitaji maabara ya mabilioni. Anahitaji chupa, chakula cha bei nafuu na mtu mwenye subira.

Na wakitaka kukutania hapa, Dodoma haina shida ya viti. Huu ni mji wa mikutano: Bunge lipo, ukumbi wa Chimwaga upo, Kituo cha Mikutano cha Jakaya Kikwete kipo, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kimekaa juu ya vilima vyake kama mji wa pili. Nikajiuliza: siku wataalamu wa ubongo wakijaa pale, wenyeji watabandika mabango gani? Nimewasaidia kupanga. Bango la kwanza ni la tembo.

Wajua kwamba Dodoma yenyewe imepewa jina na tembo? Wagogo husimulia kwamba tembo aliyekuja kunywa maji alinasa kwenye tope akazama, na waliomwona wakasema "idodomya", amedidimia. Huyo aliyedidimia alikuwa na ubongo unaokaribia kilo 5 na seli za neva bilioni 257, mara tatu ya zako. Usijisikie mnyonge: karibu asilimia 98 ya hizo ziko nyuma kabisa ya ubongo, mahali panaporatibu mwendo, na inadhaniwa mkonga ndio unaozipa kazi. Kwenye gamba la juu la ubongo, yeye ana bilioni 5.6 na wewe una 16.

Pamoja na hayo, ana kumbukumbu. Mwaka 1993 Hifadhi ya Tarangire ilikaushwa na ukame. Ndani ya miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa. Mwaka wa kawaida hufa wawili kati ya mia. Makundi mawili yalitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho, la tatu likabaki, na hilo lililobaki ndilo lililobeba vifo vingi kuliko mengine. Charles Foley na wenzake walipotoa matokeo yao mwaka 2008, walionyesha kwamba makundi yaliyoondoka yalikuwa na majike wazee waliokuwa hai wakati wa ukame wa 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki halikuwa na mzee wa umri huo, kwa sababu majangili wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wamewamaliza. Jangili alidhani anaondoka na pembe mbili. Aliondoka na ramani ya maji pia.

Wajua kwamba sikio lako na la Msandawe wa Chemba yanasikia sauti ileile, lakini huenda bongo zenu zinaipeleka vyumba tofauti? Kisandawe ni lugha ya midundo ya ulimi, zile sauti ambazo wengine wetu tunazitumia kumwita paka au kumsikitikia mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifanywa kwa wasemaji wa Kizulu na Kixhosa, ambao nao wana midundo hiyo. Kwao upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa wengi ndio wenye kazi ya lugha, uliipokea midundo kama maneno. Kwa wasemaji wa Kiingereza haikuwa hivyo. Kwao ilibaki mlio tu. Natamani mtu awahi Chemba na Kondoa kupima jambo hilo kwa Wasandawe wenyewe, kabla vijana hawajahamia kabisa kwenye Kiswahili.

Sasa usingizi. Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi wamepimwa usingizi kwa vifaa vya kuvaa mkononi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walieleza walichoona kwa watu wazima 33 wa kambi za jirani, kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za vipimo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Soma tena: dakika 18. Hakuna aliyepangiwa zamu ya lindo. Vijana wanachelewa kulala, wazee wanalala mapema na kuamka mapema, katikati mmoja anageuka, mwingine anachochea moto. Watafiti wakasema huenda usingizi mwepesi wa wazee si ugonjwa. Huenda ndio uliokuwa ulinzi wa kambi tangu enzi za simba. Kwa hiyo bibi yako anayeamka saa tisa usiku na kuanza kufagia, kabla hujamlalamikia, fahamu kwamba yuko kazini. (Wanaolala mchana kwenye vikao vya mji huu, hilo ni bango lingine na sina data zake.)

Wahadzabe hao hao wana ndege anayewaongoza kwenye nyuki. Wanampigia mluzi, anaitika, anarukaruka mbele yao hadi kwenye mbuyu wenye mzinga. Wao wanatoa asali, yeye anakula nta. Wajua kwamba ndege huyo anajifunza lugha ya kijiji? Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood waliripoti kwamba ndege wa Uhadzabe, wakichezewa sauti iliyorekodiwa ya mluzi wa Wahadzabe, waliitika zaidi ya mara tatu kuliko walipochezewa mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Kule Msumbiji ikawa kinyume chake.

Na hili la soko. Mwaka 2014 Coren Apicella na wenzake walichapisha jaribio dogo: unampa mtu pakiti ya biskuti au kiberiti cha gesi kwa kubahatisha, halafu unamwuliza kama angependa kubadilisha. Wahadzabe wa mbali, wasiozoea soko, karibu nusu walibadilisha na nusu wakabaki na walichopewa, kama kurusha shilingi. Wale wa jirani na Mang'ola, wanaotembelewa na watalii na kuuza pinde na shanga, ni kama robo tu waliokubali kubadilisha. Waliobaki walikishika walichopewa kana kwamba walizaliwa nacho. Vitabu vya uchumi vilikuwa vikisema tabia hiyo ya kung'ang'ania ni maumbile ya binadamu. Inaelekea ni maumbile ya binadamu aliyekwisha kuzoea gulio.

Bango linalofuata ningeliweka mlangoni, kila mtu alipite. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe ilianza mwaka 1927, na pembeni yake ipo Isanga, wanakopelekwa wagonjwa waliofikishwa huko kwa amri ya mahakama. Mtanzania wa Kigoma asiyewahi kukanyaga Dodoma anaijua Mirembe, kwa sababu ndiyo tunayotishiana: "Wewe utaishia Mirembe!" Wakenya wanayo Mathare, Waganda wanayo Butabika. Tumegeuza majina ya hospitali kuwa matusi, halafu tunashangaa kwa nini mgonjwa wa sonona anazungushwa kwa waganga miaka miwili kabla ya kufikishwa kwa daktari. Kabla ya Mirembe kulikuwa na Lutindi, kwenye milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari Wajerumani mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye ndipo ikapokea wagonjwa wa akili.

Je, wajua kwamba sayansi hii iliwahi kutumika kututukana? Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa maabara Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu bongo 100 za Wakenya alizozipima, akahitimisha kwamba haziwafikii Wazungu. Mwenzake H. L. Gordon wa hospitali ya Mathare akalishika hilo na kulipigia debe, akihoji kama Mwafrika anafaa kusomeshwa. Aliyefuata Mathare, J. C. Carothers, aliiongoza kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Hilo halikumzuia. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake kinachomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954, kwa kuombwa na serikali ya Kenya, akaandika kijitabu kilichoyageuza mapambano ya Mau Mau kuwa tatizo la saikolojia. Watu wanadai ardhi yao, daktari anawapima vichwa.

Mwaka huohuo wa 1954 kichwa kingine kilikuwa njiani kurudi. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa, na Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita ya dunia, ulitenga kifungu namba 246 kudai fuvu hilo lirudishwe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliliona kwenye makumbusho ya Bremen katikati ya mafuvu mengi. Alilitambuaje? Kwa uwiano wa upana na urefu wa kichwa, akilinganisha na vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kipimo kilekile kilichotumika kuwapanga watu kwa madaraja ndicho kilichomrudisha mtu kwao. Fuvu lipo Kalenga, ukishuka barabara ya Mtera hadi Iringa. Aliyelipokea alikuwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Turudi uwandani, tena mezani. Wajua kwamba asiyekula kitimoto kabisa anaweza kupata ugonjwa wa ubongo unaotokana na nguruwe? Ukila nyama isiyoiva yenye mabuu ya tegu, unapata tegu wa tumboni. Tegu huyo anataga, mayai yanatoka na kinyesi, na mtu mwingine akiyameza kwenye maji, mboga au mkono usionawa, mabuu yanaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kujenga vimbe. Baada ya miaka, kifafa. Hatari ya ubongo, basi, ni jirani asiye na choo kuliko sahani ya kitimoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takribani asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Mbulu ni eneo mojawapo: Helena Ngowi na wenzake walikagua nguruwe 770 kwa kuwapapasa chini ya ulimi na kukuta vimbe kwa asilimia 17.4. Ulimi wa nguruwe, kidole cha daktari, basi. Hakuna mashine.

Na huko huko Mbulu, kwenye hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyoanza mwaka 1955, kuna kisa ambacho hadi leo kinawagawa madaktari. Mwaka 2006 alifika Dilan Ellegala, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na mabingwa watatu wa fani hiyo kwa watu karibu milioni 40. Ellegala angeweza kufanya kama wageni wengi: apasue kwa wiki chache, apige picha, aondoke. Akaamua kumfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, kufungua fuvu na kutoa damu iliyoganda au maji yaliyojaa kichwani. Wapo waliosema ni hatari. Mimi nauliza hatari kwa nani: kwa mtoto mwenye kichwa maji aliye siku nzima ya barabara mbovu kutoka kwa bingwa wa karibu? Mayegga akaiva, baadaye akaenda kusomea shahada yenyewe, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumfundisha mwenzake.

Wanaodhani upasuaji wa kichwa uliletwa na ndege wapite Kisii, Kenya. Wajuzi wa jadi wanaoitwa ababari walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa mtu mwenye maumivu yasiyokoma baada ya kugongwa. Madaktari wa hospitali waliwachunguza karne iliyopita, na wagonjwa wengi walipona jeraha.

Kifafa kinastahili mstari wake. Huko Mahenge, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mapema miaka ya 1960, baada ya kukuta wagonjwa wametengwa na wengine wana makovu ya moto, kwa kuwa aliyeanguka jikoni hakuvutwa: watu waliogopa kwamba povu lake linaambukiza. Haliambukizi. Kati ya wagonjwa wake aliona watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, akaandika. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulipoonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, dunia ikaupokea kama mpya. Siku hizi unahusishwa na minyoo inayoenezwa na usubi.

Haraka haraka: kiharusi. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, Kilimanjaro, na 316 Dar es Salaam. Kapime shinikizo la damu.

Bango la mwisho ni la wazee. Vipimo vingi vya kusahau kwa uzeeni vilitungwa kwa watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma. Mpe karatasi hiyo bibi asiyewahi kushika kalamu, utamwandikia ugonjwa asio nao. Ndiyo maana huko Hai watafiti walitengeneza kipimo kisichohitaji kusoma: kukumbuka maneno kumi, kumtaja kiongozi wa kijiji, kupanga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa, kutaja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja.

Nilipokuwa Mvumi, huku huku Dodoma, nilimwomba mzee mmoja, rafiki wa familia, tujaribu hilo la wanyama kama mchezo. Nikawasha saa ya simu. Akaanza bila papara: ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, ng'ombe wa madoa ya mkiani, mweusi asiye na pembe, yule wa kijivu aliyetolewa mahari ya dada yake, dume la rangi ya majivu, mtamba wa tumbo jeupe. Dakika ikaisha, ng'ombe bado wanapita. Nikamweleza kwa adabu kwamba kwa sheria za mchezo, ng'ombe wote wanahesabiwa mmoja.

"Mmoja?" akaniuliza. "Mwanangu, wewe umefuga nini?"

Nikamwambia kuku. Akacheka mpaka akashika mkongojo, akaniambia niwashe saa upya, akaanza na mbuzi.